Rezista ya 10k kwenye pawasaplai ya ampulifaya ya valvu

Mkuu salaam. Umesema kwenye pawasaplai rezista ya 10k (yaani ohm elfu 10) inasoma 14k, ya 220k inasoma 90k, na hujui utoe ipi. Toa ya 10k. Hiyo nyingine iache kwanza.

Rezista ikiwa bado imelehemewa, mita inaipima pamoja na njia nyingine zilizo sambamba nayo, ndiyo maana husoma pungufu. Ikisoma zaidi sana ya ilichoandikwa, na kapasita (zile zinazotunza chaji ya umeme) hazina chaji, hiyo imechoka, hakuna mjadala. Ya 220k ilehemue mguu mmoja uunyanyue, ndipo uipime tena.

Kwenye kapasita usifanye mchezo: hata plagi ikiwa imechomolewa, zinaweza kubaki na volti 300 na zaidi. Mimi huzimaliza kwa rezista ya 10k wati 5 yenye waya na klipu, kisha nahakikisha kwa mita. Kuzishoti kwa bisibisi hapana.

Rezista za kaboni za zamani hupanda ohm kwa joto na unyevu, na sisi huku Kirumba ziwa liko mlangoni. Funga ya metali oksaidi, wati 3, iinuke kidogo juu ya ubao. Ila kama ya zamani imeungua hadi nyeusi, pima kwanza kapasita inayofuata. Ikiwa imeshoti, hata mpya itatoa moshi; mimi nilichoma mbili siku moja kwa ubishi.

Ukiwasha, pima volti zinazopotea kwenye hiyo 10k mpya. Zikiwa 45, mkondo ni miliampea 4.5. Zikizidi sana zile za kwenye mchoro, kuna kapasita au valvu inavuta mkondo kupita kiasi.