Ukiambiwa "mishipa imekakamaa", uliza ni kwa aina ipi

Mama yangu ana sukari kwa miaka mingi. Kidonda cha kisigino kilipogoma kupona, nilimpeleka kituo kimoja huku kwetu Mbagala. Wakampima presha ya kifundo cha mguu, wakaigawa kwa ya mkono. Jibu: 1.5. Tukaambiwa damu inafika vizuri sana. Tulirudi tumefurahi, wiki tatu zikapotea.

Daktari wa pili alikunja uso. Akatueleza kuwa kawaida ni 1.0 hadi 1.4. Ikifika 0.9 au chini, ateri za mguu, yaani mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni, zimebana. Ikizidi 1.4, ukuta wa mshipa umekuwa mgumu kiasi kwamba mkanda wa kipimo unashindwa kuubana, kwa hiyo namba hiyo haikuambii kama damu inafika. "Mama, tupime kidole gumba," akasema, maana ateri za vidole mara nyingi husalimika. Damu ilikuwa kidogo mno.

Kumbe kukakamaa kuna aina zake. Aterosklerosisi ni ile ya utando: mafuta na makovu hujijenga kwenye ukuta wa ndani wa ateri kubwa, njia inasinyaa, na utando ukipasuka damu huganda juu yake. Hapo ndipo mshtuko wa moyo au kiharusi hutokea. Ya pili, aliyoieleza daktari Mönckeberg wa Ujerumani mwaka 1903, ni kalsiamu kulundikana katika tabaka la kati. Yenyewe haizibi njia, ila huwapata sana wenye sukari na figo, na ndiyo iliyotudanganya. Ya tatu iko kwenye vishipa vidogo vya figo na macho, na huletwa na presha na sukari.

Mama alikuwa na mbili za kwanza kwa pamoja. Wala hakuwahi kulalamika maumivu ya miguu akitembea, kwa sababu sukari ilishaua hisia za neva. Usisubiri mzazi aseme anaumwa.

Ukimsindikiza, andika namba zote kwenye daftari. Ile ya kifundo ikizidi 1.4 ombeni kipimo cha kidole gumba. Kwenye kipimo hicho cha kidole, chini ya 0.7 si salama. Ulizeni pia protini ya mkojo na uchunguzi wa macho kila mwaka.

Mama alizibuliwa ateri kwa puto na kisigino kimefunga. Kila usiku namwoshea miguu, nakagua hadi katikati ya vidole.