Kura za maoni zikikabana

Moshi, 31 Julai 2025

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza ufanye nini mgombea wako asije akaanguka kwa kura mbili tatu, maana yeye na mwenzake wanakabana koo kwenye kura za maoni za ubunge jimboni kwetu, yaani uchaguzi wa ndani ya CCM wa kumpata mgombea. Kumpenda mpende, nami nafurahi. Ila Jumatatu ya tarehe 4 Agosti iko mlangoni, kwa hiyo nakuandikia yale yanayoongeza kura tu.

Shika orodha kwanza. Wanaopiga kura ni wajumbe, si kila anayeshangilia pale stendi. Safari hii CCM imepanua wigo, wajumbe wa matawi na mashina wamo, kwa hiyo kazi yako iko tawini kwako. Chukua daftari, piga safu tatu: wa kwetu, wa kwao, wanaosita. Mjumbe akikuambia "tuko pamoja", bado ni wa kusita, kwani neno hilo anawapa wote. Muweke kwa wetu pale anapolitamka jina la mgombea kabla hujalitaja wewe. Tuseme tawi lina wajumbe 60: wetu 24, wao 22, wanaosita 14. Hao 14 ndio wa kuwafuata. Wagombea wakiwa wengi, mtu anaongoza bila hata kufikisha nusu, basi wafuasi wa mgombea wa nne nao ni watu wa kuongea nao, tena kwa adabu.

Mapenzi yakizidi, hapa ndipo watu huharibu. Usimtumie mjumbe hata shilingi elfu mbili ya vocha. Takrima, yaani zawadi na ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa hata mchakato wa ndani ya chama, ukiwemo usafiri wa kuwabebea wapiga kura. Muamala wa simu unabaki na jina, kiasi na saa; TAKUKURU wakiupata, anayezama ni yule unayempenda. Bibi mjumbe wa kule mwisho wa kata mkumbushe muda na kituo, mwambie aondoke mapema na binti yake. Bodaboda ya mgombea usiilipe.

Jioni ya kuamkia kura, pitia orodha ya kituo na wajumbe wako. Mara nyingi tatizo ni jina: kwenye kadi ni Elisabeth, kwenye orodha ni Elizabeth, au mtu alihama tawi na jina likabaki kule. Likigundulika kabla, katibu analirekebisha. Likigundulika kwenye foleni, mjumbe hukasirika akarudi shambani. Muulize pia msimamizi alama ipi inakubalika kwenye karatasi, uwafahamishe wenzako. Alama kwa wagombea wawili, au sahihi ya mpiga kura pembeni, huiua kura nzima.

Kwenye kuhesabu, wakala asikae mbali. Asimame mahali anapouona uso wa karatasi inapofunuliwa, naye achore vijiti vyake mwenyewe, vitano vitano, kila jina linaposomwa. Mwishoni hesabu tatu lazima zifanane: waliowekewa alama kwenye orodha, karatasi zilizotoka sandukuni, na jumla ya kura halali pamoja na zilizoharibika. Zikipishana, aombe kuhesabu upya hapo hapo kabla hajasaini. Halafu anakili tarakimu za fomu kwa mkono wake, maana katika kujumlisha kata zote mtu mchovu huandika 46 penye 64, na katika mbio kama hizi kura 18 zinageuza mshindi. Pingamizi liandikwe na litaje kituo na tarakimu. "Tumeibiwa" peke yake haisaidii kikao chochote.

Na hata akiongoza, msipige ngoma barabarani. Mwaka 2020 wapo walioongoza kura za maoni, vikao vya juu vikateua wengine. Jina la mwisho la mgombea ubunge linatoka huko juu, na laweza kuwa la huyo mnayemtukana leo kwenye kundi la WhatsApp. Ulichomwandika juzi kuhusu familia yake kifute, umpigie simu umwombe radhi. Yule mjomba wake ni mjumbe, na nadhani yumo kwenye safu ya wanaosita.

Nitumie safu zako tatu Jumamosi jioni nizipitie.

Mama yako