Maswali na majibu: Bamba juu ya bamba haliongezi umri wa kivuko

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni katibu wa kamati inayosimamia kivuko kimoja cha mtoni. Chombo chetu ni cha chuma, kina urefu wa mita 20 na upana wa mita 7, na kimefanya kazi kwa miaka 27. Mkandarasi ametuambia kwamba, kwa kuwa kinatembea katika maji baridi (yasiyo ya chumvi), hakuna haja ya kukipandisha kwenye chelezo, yaani mahali pa kukitoa chombo majini ili kikaguliwe na kutengenezwa. Atakilaza mchangani mto ukipungua, atachomelea mabamba mapya juu ya yale yaliyochakaa, atafunga injini mbili mpya zenye nguvu kuliko za sasa na kukipaka rangi, kisha kitafanya kazi kwa miaka 15 mingine. Anatukumbusha kwamba feri za Woolwich kule London zilifanya kazi kwa miaka 55. Je, tumkubalie?

JIBU: Marahaba, ndugu katibu. Msimkubalie, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu barua za namna hii hunifikia mara kwa mara, kutoka mito tofauti, na karibu zote zinabeba ahadi zile zile tatu: bamba juu ya bamba, injini mpya na rangi.

Nianze na hilo la Woolwich, maana mtu anayetumia mfano wa kweli kuuza uongo anahitaji kujibiwa kwa mfano huo huo. Ni kweli kwamba feri tatu za kundi moja, John Burns, Ernest Bevin na James Newman, zilijengwa Dundee, Scotland, zikaanza kuvusha magari na watu katika mto Thames mwaka 1963, na zikastaafu Oktoba 2018. Hiyo ni miaka 55 kamili. Asichowaambia mkandarasi wenu ni namna miaka hiyo ilivyopatikana. Feri zilikuwa tatu zenye umbo moja na mitambo ya aina moja, kwa hiyo moja iliweza kuondolewa kazini ikakaguliwa na kutengenezwa wakati nyingine zinaendelea kuvusha. Vipuri vya moja vilifaa nyingine, na fundi aliyeijua moja alizijua zote. Hazikuwa na propela za kawaida wala usukani. Zilisukumwa kwa mtambo wa Voith Schneider, yaani diski inayozunguka chini ya chombo ikiwa na mapanga yaliyosimama wima, ambayo hubadilisha pembe zake na kukisukuma chombo upande wowote nahodha anaotaka. Mtambo kama huo hauwezi kudumu miaka mingi bila kufunguliwa, kusafishwa na kubadilishwa beringi zake na sili zinazozuia maji kupenya, na kazi hiyo haifanyiki chombo kikiwa kimelala mchangani. Feri zile, kwa hiyo, zilizeeka huku zikitolewa majini, zikipimwa na kukatwa sehemu zilizochoka kwa miongo mitano. Zilizozitangulia, meli za mvuke zenye magurudumu ya pembeni zilizojengwa miaka ya 1920 na 1930, zilistaafu pale tu hizi mpya zilipoingia kazini. Miaka 55 ni hesabu ya matunzo, na asiye na kumbukumbu za matunzo hana haki ya kuinukuu.

Sasa tuje kwenye bamba, kwa sababu hapo ndipo ninapokerwa zaidi. Watu wengi, wakiwemo mafundi wazuri wa kuchomelea ambao hawajawahi kusomeshwa ujenzi wa meli, wanaamini kwamba bamba la milimita 8 lililoliwa likabaki milimita 5, likiongezewa juu yake bamba la milimita 6, linakuwa bamba la milimita 11. Haliwi. Mabamba mawili yaliyoshikwa kwenye kingo tu hayafanyi kazi kama bamba moja. Lile la nje linabeba mzigo kupitia mshono wake, na mshono huo umeshikilia chuma kile kile chembamba mlichokuwa mnakikimbia. Ufa huanzia hapo, kando ya mshono, mahali ambapo chuma kinene kinakutana na chembamba, na kivuko kinachogonga ukingo wa mto mara kadhaa kila siku kinausukuma ufa huo bila kupumzika.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Moto wa kuchomelea unaunguza rangi iliyoko upande wa ndani wa bamba, kule kwenye ngama, yaani tumbo la chini la chombo maji yanapojikusanya, ambako hakuna anayeingia na brashi baada ya kazi. Chuma kinabaki uchi, maji machafu ya ngama yanakikuta, na kutu inaanza kutoka ndani kwenda nje wakati nyinyi mnatazama rangi mpya ya nje. Katikati ya mabamba mawili nako maji yakishapenya kwenye tundu dogo la mshono hayatoki tena.

La tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa kuwa linawahadaa hata wakaguzi. Sisi hupima unene wa bamba kwa kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti. Unakwangua rangi sehemu ndogo, unapaka jeli, unaweka kichwa cha kifaa juu ya chuma, na namba inatokea. Kifaa hicho hupima mpaka pale chuma kinapoishia. Kikiwekwa juu ya bamba lililobandikwa, sauti inafika kwenye nafasi iliyopo kati ya mabamba na kurudi, na kioo kinaonyesha milimita 6 safi, hata kama bamba la asili nyuma yake limeshakuwa ungo. Nimewahi kukabidhiwa taarifa ya vipimo iliyojaa namba nzuri zinazofanana mno. Kufanana huko ndiko kulikonitia shaka, kwa maana chuma cha miaka mingi majini hakiliwi sawasawa kila mahali. Tulipokata kipande tukakuta bamba la asili linatoboka kwa nyundo. Aliyebandika hakuongeza umri wa chombo kile hata siku moja. Alichokifanya ni kuondoa uwezekano wa mtu yeyote kujua hali yake.

Sisemi kwamba kubandika ni haramu wakati wote. Chombo kikitoboka safarini, bamba la muda linaruhusiwa ili kifike kwenye chelezo, na likifika linaondolewa. Matengenezo halali ni kukata sehemu iliyoliwa mpaka kwenye chuma kizima, kukagua mataruma (mbavu za chombo) yaliyo nyuma yake, kuingiza bamba jipya la unene ule ule na daraja lile lile la chuma, kuchomelea pande zote mbili, kisha kupaka rangi ndani na nje. Ni kazi ghali, nakubali, na ndiyo sababu wauza njia ya mkato wanapata wateja.

Kuhusu maji baridi kutokula chuma, jibu ni fupi: yanakula, polepole zaidi kuliko bahari. Lakini kivuko cha mtoni kina adui wengine ambao meli ya baharini haiwajui. Kinapanda mchangani kila safari, na mchanga unasugua rangi ya sakafu ya chini, kisha unasugua chuma chenyewe. Kinapigwa na magogo wakati wa mafuriko. Sitaha yake inakanyagwa na malori yanayoingia kwa kishindo mahali pale pale, kwenye mlango wa mbele. Ukaguzi wa kivuko cha mtoni huanzia sehemu hizo, pamoja na ukanda wa ubavuni ambapo maji na hewa vinapokezana, kabla ya kutazama pengine popote.

Tuje kwenye uzito, jambo ambalo barua yenu haikuligusa kabisa na ambalo ndilo linaloua watu. Chombo chenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 7 kina eneo la mita za mraba zipatazo 140 kwenye usawa wa maji. Maana yake ni kwamba kila tani moja na nusu hivi mnayokiongezea inakizamisha sentimita moja. Bamba la milimita 6 lina uzito wa kilo 47 kwa kila mita ya mraba. Mkiifunika sitaha yote kwa bamba hilo mmeongeza zaidi ya tani 6 na nusu, yaani sentimita nne hadi tano za ubavu zimekwenda majini kabla ya abiria wa kwanza kupanda. Jumlisheni paa la abiria lililoongezwa baadaye, mabenchi ya chuma, jenereta, na saruji ambayo mtu fulani aliimwaga kwenye ngama kuziba uvujaji. Kivuko cha miaka 27 kwa kawaida si chombo kile kilichoandikwa kwenye cheti chake cha kwanza, ilhali idadi ya abiria na magari iliyopakwa ubavuni ni ile ile ya siku kilipozaliwa.

Tena uzito unaowekwa juu ni mbaya kuliko uzito unaowekwa chini. Sitaha iliyofunikwa na paa lililoongezwa vinapandisha kitovu cha uzito, na chombo kinapoteza uwezo wa kujirudisha kinapoinama. Hili halikisiwi kwa macho. Kuna jaribio lake: mnachagua asubuhi isiyo na upepo, mnashusha watu wote wasiohitajika, mnahamisha vizito vinavyojulikana kilo zake kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na mnapima kiasi ambacho uzi wenye timazi, uliozamishwa ndani ya ndoo ya mafuta ili usiyumbe, umehama kwenye rula. Kwa vipimo hivyo mhandisi anakokotoa uthabiti wa chombo kama kilivyo leo. Kivuko chochote kilichoongezewa bamba, paa au injini na hakijafanyiwa jaribio hilo upya hakina idadi halali ya abiria, hata kama namba imeandikwa kwa rangi nyeupe inayong'aa.

Injini mpya zenye nguvu zaidi haziponyi lolote kati ya haya. Zikiwa nzito zinainamisha chombo upande zilipofungwa. Zikikisukuma kwa kasi ambayo umbo lake halikukusudiwa, maji yanapanda juu ya mlango wa mbele, na mtetemo wake unatikisa mishono ambayo tayari imechoka. Kwa uchungu nawakumbusha MV Nyerere, iliyopinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia Ukara katika Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 220 wakafa. Chombo kile kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na baada ya ajali ilielezwa hadharani kwamba injini zake zilikuwa zimefanyiwa matengenezo makubwa miezi michache kabla. Kule Mtongwe, Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, feri yenye uwezo wa abiria 300 ilizama ikiwa na watu takriban 400, na 272 wakapoteza maisha. Injini nzuri inaweza kukifikisha chombo kilichozidiwa katikati ya maji upesi zaidi. Haiwezi kukizuia kupinduka.

Mnachopaswa kufanya ni kukipandisha kivuko kwenye chelezo, mkiwa na michoro yake ya asili kama ipo, na kumwita mkaguzi anayetambuliwa na TASAC, shirika la serikali ya Tanzania linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, msimtegemee aliyeletwa na mkandarasi. Mwombeni aligawe bamba katika miraba na kupima kila mraba, ndani na nje, na aandike mahali kila kipimo kilipochukuliwa. Kanuni nyingi za ujenzi wa meli huruhusu bamba kupungua kati ya asilimia 20 na 30 kulingana na sehemu, kisha lazima libadilishwe. Ikiwa sehemu zinazohitaji kukatwa ni chache, kitengenezeni kwa njia niliyoieleza. Ikiwa sakafu ya chini yote na mataruma yake vimepita ukomo, fedha mlizotaka kumlipa mkandarasi zitumike kama mwanzo wa chombo kipya, na hiki kipangiwe kustaafu.

Kustaafu nako kunahitaji mpango, na hapa Woolwich inafundisha jambo ambalo wasifiaji wa miaka 55 hawalitaji. Feri tatu za zamani ziliondolewa, huduma ikasimama kwa miezi kadhaa gati zikifanyiwa marekebisho, kisha mwaka 2019 zikaingia feri mbili mpya zilizojengwa Poland, Ben Woollacott na Dame Vera Lynn, zenye mitambo mseto ya dizeli na umeme na mfumo wa kujifunga gatini zenyewe. Zilisumbua sana mwanzoni, na kwa kuwa zilikuwa mbili badala ya tatu, moja ilipoharibika hapakuwa na ya akiba. Kwa hiyo agizeni chombo kipya kabla cha zamani hakijakatazwa kazi, kijaribuni kwenye gati zenu wenyewe maji yakiwa juu na yakiwa chini, na cha zamani kibaki kama akiba ikiwa tu mkaguzi ameridhia kwa maandishi, kwa mzigo aliouandika yeye.

Mwisho wa kazi yake, msikiuze kikiwa kinaelea. Katika mito yetu kivuko kilichokataliwa mahali fulani hununuliwa kwa bei ya chini, kinapakwa rangi na jina jipya, na baada ya mwaka kinavusha wanafunzi kwenye kivukio cha mbali ambako mkaguzi hafiki. Feri zile tatu za Woolwich zilipelekwa Ufaransa zikavunjwa. Chenu kikateni mkishuhudia, kuanzia sakafu ya chini, kisha uzeni chuma chakavu kwa kilo, na cheti chake kirudisheni kwa aliyekitoa.