Maswali ya Wasomaji: Je, Grafini Itanusa Sumu ya Jiko la Mkaa?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya hapa Kigoma. Mvua zinapoanza, wengi wetu huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha, nami niliwahi kuamka usiku kichwa kikiniuma vibaya kwa sababu hiyo. Nimesikia kwamba grafini hutambua hewa ya sumu hata ikiwa ni molekuli moja tu. Je, itatufaa? Na kwa kuwa nayo ni kaboni, haiwezi kutengenezwa kwa mkaa wetu?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Mwalimu, nianze na swali la mwisho, maana ndilo linalofungua la kwanza. Mkaa, madini ya kinywe (grafiti) na grafini ni ndugu wa kaboni, ila wametofautiana kwa mpangilio. Kinywe, kama kile cha Mahenge, ni matabaka ya atomi yaliyolaliana, na grafini ni tabaka moja tu lililobanduliwa humo, lenye unene wa atomi moja. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walilibandua mwaka 2004 kwa selotepu ya kawaida, wakatunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2010. Mkaa wa miombo atomi zake zimevurugika, kwa hiyo hauna tabaka la kubanduliwa kwa njia hiyo.

Kwa kuwa grafini haina ndani, kila atomi yake inaguswa na hewa. Gesi ya nitrojeni dioksaidi ikitua juu yake hunyakua elektroni, amonia huziongeza, na kwa vyovyote vile ukinzani wa umeme hubadilika. Mwaka 2007 watafiti wa Manchester walitangaza kwamba wameona mabadiliko yaliyosababishwa na molekuli mojamoja, na bila shaka habari uliyoisikia ilianzia hapo. Lakini majaribio hayo yalifanyika katika maabara iliyodhibitiwa, na kihisi, yaani kifaa hicho cha grafini cha kutambua gesi, kilihitaji kupashwa joto la nyuzi 150 ndipo molekuli zibanduke na kirudi kilivyokuwa.

Sumu inayokusumbua wewe ni kaboni monoksaidi, nayo hushikamana na grafini safi kwa udhaifu mno. Ndiyo maana watafiti huichanganya grafini na chembe za oksaidi ya bati au za metali nyingine, au hutumia oksaidi ya grafini iliyopunguzwa oksijeni, ambayo kasoro zake ndizo zinazoipa gesi mahali pa kushika. Faida yake ni kwamba vihisi vya kawaida vya oksaidi za metali huhitaji joto la nyuzi 200 hadi 400, ilhali vya grafini vinaweza kufanya kazi katika joto la chumbani na hivyo kutumia umeme kidogo. Kwa maoni yangu, kikwazo kikubwa ni kutofautisha gesi moja na nyingine, na unyevu, ambao Kigoma haupungui wakati wa mvua, nao huingilia usomaji.

Kwa hiyo, kwa chumba chako, usingoje grafini. Kaboni monoksaidi haina harufu, na hushika hemoglobini ya damu, ile inayobeba oksijeni mwilini, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya zaidi. Jiko likae nje. Ukitaka kengele ya tahadhari, nunua iliyoandikwa wazi kuwa ni ya kaboni monoksaidi, ambayo kwa kawaida hutumia seli ya kikemia, maana ile ya moshi pekee haitaigundua gesi hii.

Kwa wanafunzi wako, wape penseli, ambayo risasi yake ni kinywe na udongo. Wapake mstari mnene kwenye karatasi, wabane ncha mbili kwa vibanio vya mita ya kupimia ukinzani, kisha wapumulie juu yake. Namba zikicheza, waulize kama ni gesi ya pumzi au ni unyevu ulioingia kwenye karatasi.