Re: Kutoka uchezaji hadi ukocha wa chuo cha miaka miwili Marekani
Mkuu, umeuliza kama aliyecheza futiboli ya Kimarekani anaweza kuanza moja kwa moja kama kocha mkuu wa chuo cha miaka miwili. Ni nadra sana. Wengi huanza kama makocha wasaidizi chuo kikuu huku wakisoma shahada ya uzamili, kisha hupewa kundi moja la wachezaji, tuseme wapokeaji (wanaodaka pasi), ndipo safu nzima ya ushambuliaji. Uzamili usiudharau: kocha mara nyingi hufundisha na darasani.

Kinachowachosha makocha wa vyuo hivi ni usajili wa wachezaji. Mchezaji kwa kawaida ana misimu miwili tu, na aliye bora huondoka mapema kwenda chuo kikuu: mchezaji Cam Newton alikipa chuo cha Blinn cha Texas ubingwa wa NJCAA (shirikisho la michezo la vyuo vya miaka miwili) 2009, mwaka uliofuata yuko Chuo Kikuu cha Auburn. Mchezaji akifeli masomo, uhamisho wa kwenda chuo kikuu umekwama, na lawama humwangukia kocha.