Potasiamu 6.8: ni figo au ni sampuli?

SWALI: Mama hana dalili yoyote, ila potasiamu yake imetoka 6.8. Maabara wanataka damu nyingine. Kuna kosa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Wamefanya vyema kuomba nyingine. Kiwango cha kawaida ni takriban 3.5 hadi 5.1 milimoli kwa lita, lakini ndani ya chembe za damu potasiamu hufika karibu 140. Chembe chache zikipasuka, seramu (majimaji ya damu yanayobaki ikishaganda) hugeuka nyekundu na kipimo hupanda.

Zinapasukaje? Kwa kuvuta sirinji kwa nguvu, kusukuma damu kwenye chupa kupitia sindano, au kuitikisa badala ya kuipindua taratibu. Mpira unaofungwa mkononi wakati wa kutoa damu usizidi dakika moja, na mgonjwa asikunje-kunje ngumi.

Kosa linalowaponyoka wengi ni friji. Damu ambayo haijatenganishwa ikikaa kwenye baridi, potasiamu huvuja nje ya chembe bila seramu kubadilika rangi. Iachwe igande dakika 30, izungushwe kwenye sentrifuji (mashine ya kutenganisha chembe na seramu) dakika 10, na seramu itengwe kabla ya saa mbili kupita tangu kutolewa.

Kalsiamu nayo ikiwa chini mno, shuku chupa ya kifuniko cha zambarau: dawa yake ya kuzuia kuganda ina potasiamu na hunasa kalsiamu. Ndiyo maana chupa hiyo hujazwa baada ya ile ya seramu.

Hata hivyo, mama arudi leo hii, asingoje wiki ijayo. Kama 6.8 ni ya kweli, mfano kwa sababu figo zinashindwa kuitoa, moyo uko hatarini hata bila dalili; apimwe na ECG (kipimo cha umeme wa moyo).