Wasomaji Wauliza: Sarakasi za Angani kwa Skii

Binti yangu ana miaka 13. Anafanya jimnastiki, lakini hajawahi kuvaa skii, zile mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji. Je, amechelewa kuanza mchezo huu wa kuteleza hadi kwenye kilima cha kurukia na kupiga samasoti hewani?

Hajachelewa hata kidogo. Alisa Camplin na Lydia Lassila wa Australia, mabingwa wa Olimpiki wa 2002 na 2010, walitokea kwenye jimnastiki. Xu Mengtao wa China, bingwa wa 2022, naye vilevile. Kujua mwili uko wapi wakati kichwa kiko chini na miguu juu ni mtaji ambao huchukua miaka kuupata, na binti yako tayari anao. Kinachobaki ni skii. Kwanza azoee kuteleza moja kwa moja kwa kasi bila kuyumba, maana mrukaji akiondoka ardhini ameegemea upande mmoja, mwegemeo huo humfuata hewani.

Baada ya trampolini yenye mikanda ya usalama huja bwawa. Wakati wa kiangazi mrukaji huteleza kwenye njia ya plastiki yenye nyuzi kama za brashi, inayonyunyiziwa maji, kisha hurukia bwawani akiwa na helmeti na skii zake. Mapovu ya hewa husukumwa kutoka chini ili maji yasimpige kwa nguvu. Mruko mpya hurudiwa hapo mpaka kocha aridhike, ndipo upelekwe kwenye theluji. Muulize kocha jambo moja: je, anakagua namna ya kutua hata bwawani? Maji husamehe magoti yaliyonyooka na kifua kilicholala, lakini theluji haisamehi. Kano za goti hukatika hapo.

Kwa nini kabla ya zamu yao warukaji hupanda juu kidogo au kushuka, kisha husimama tena?

Wanatafuta kasi. Kilima cha kurukia samasoti tatu kina urefu wa takriban mita 4 na mdomo wake umesimama kwa karibu nyuzi 70. Mrukaji anahitaji kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na hata tofauti ya kilomita 1 huonekana. Akipungukiwa, huangukia sehemu bapa iliyo kabla ya mteremko wa kutua, na hakuna pigo baya kuliko hilo. Akizidisha, hutua mbali sana na mara nyingi huwa amezunguka kupita kiasi.

Kasi ya asubuhi si ya mchana: jua likilainisha theluji, skii hushikwa, upepo wa mbele nao hurudisha nyuma. Ndiyo maana huteleza kwa majaribio bila kuruka, hupimwa kwa rada, kisha husogeza alama ya kuanzia. Kocha husimama kando ya mteremko na kumpigia mrukaji kelele akiwa hewani: anyooke ili kupunguza mzunguko, au ajikunje kidogo ili kuuongeza. Yote hayo ndani ya sekunde 3 hivi.

Mteremko wa kutua, wenye nyuzi kama 37, hukatwakatwa kwa koleo ili ubaki laini. Ukiganda, mashindano yasubiri. Hapo tunasimama upande wa makocha wanaokataa kumruhusu mwanamichezo wao.

Alama huhesabiwaje?

Majaji ni watano. Kila mmoja ana alama 10: 2 za kuondoka na kimo, 5 za umbo la mwili hewani, 3 za kutua. Katika kila kipengele, ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa, hivyo jumla haizidi 30. Jumla hiyo huzidishwa na kiwango cha ugumu. Mwaka 2022 Qi Guangpu wa China alipata 25.8 kwa mruko wa ugumu wa 5.0, yaani 129.00, akatwaa dhahabu ya Olimpiki. Kutua pekee ni 9 kati ya hizo 30. Kwa mruko kama wake ni alama 45 zinazoning'inia kwenye magoti mawili.

Mtu hucheza hadi umri gani?

Alla Tsuper wa Belarus alishinda dhahabu mwaka 2014 akiwa na miaka 34, katika Olimpiki yake ya tano, baada ya kupumzika na kujifungua. Xu Mengtao alingoja hadi ya nne. Kwa hiyo kabla ya kusaini na timu yoyote, hakikisheni bima inalipa upasuaji wa goti pamoja na miezi ya mazoezi ya kurejea, na binti aendelee na masomo. Msimu wa theluji ni mfupi. Ratiba ya bwawa inaweza kupangwa kando ya shule.